Askofu Samuel Ajayi Crowther

Katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo imo katika Nigeria, palikuwa na mji jina lake Osogun. Mji huo ulizungukwa na boma la miti lenye malango sita, na nje ya boma yalikuwako mashamba ya viazi vikuu na mahindi. Humo alizaliwa mtoto mwanamume, yapata mwaka 1807, akaitwa Ajayi. Wayoruba humpa jina hilo mtoto aliyezaliwa kifudifudi, nao huamini kwamba mtoto wa namna hiyo si wa kawaida. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na mama yake aliitwa Afala. Ajayi alikua kama watoto wengine wa mji ule, akijifunza kazi ya baba yake na kwenda shambani.

Siku zile nchi ya Wayoruba ilikuwa imeharibika kwa vita. Ufalme wa Oyo, uliotawala miji mingi tangu zamani, ulikuwa ukivunjika. Wakuu waligombana wao kwa wao, na majeshi yalizunguka nchini kuteka watu, maana pwani walikuwako Wareno waliokuwa tayari kuwanunua wote walioletwa. Mwanzo wa mwaka 1821, asubuhi moja, wanawake wa Osogun walipokuwa wakipika chakula cha asubuhi, pakapigwa ukelele kwamba adui wamefika. Lilikuwa jeshi kubwa la Wafulani na Wayoruba waliofuatana nao. Wanaume walikimbilia bomani, wakapigana kwa muda wa saa chache, lakini hawakutosha, adui wakaingia. Baba yake Ajayi alipita nyumbani mbio, akawaambia jamaa zake wakimbie, kisha akarudi vitani. Ajayi hakumwona tena. Baadaye alisikia kwamba aliuawa katika vita vingine.

Afala akatoka na watoto wake, amembeba mdogo mgongoni, nao wakataka kukimbilia msituni. Hawakufika. Walikamatwa, wakatiwa vitanzi shingoni, wakafungwa kwa kamba moja kama mbuzi wapelekwao sokoni. Walipotazama nyuma waliona moshi wa mji wao. Walipofika Iseyin watu wakagawanywa kama ngawira. Afala na mtoto mchanga wakaenda kwa bwana mmoja, Ajayi na dada yake wa pili wakaenda kwa mkuu wa jeshi. Siku ileile mkuu yule akamtoa Ajayi ili apewe farasi. Yapata miezi miwili baadaye farasi hakumpendeza, akamrudisha kwa mwenyewe, na Ajayi akarudishwa vilevile. Hivyo mtoto wa miaka kumi na minne hivi alijua bei yake.

Katika mji wa Dada aliweza kuonana na mama yake tena kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kisha akachukuliwa ghafula, akapelekwa Ijaye kuuzwa, na tangu hapo akauzwa na kuuzwa tena, kila mara akisogea karibu na pwani. Kila mtumwa alijua maana ya pwani. Waliopandishwa merikebuni hawakurudi hata mmoja kueleza waliyoyaona huko walikokwenda. Basi Ajayi akaingiwa na hofu kubwa, akawa hawezi kula. Mara kwa mara, usiku, alijaribu kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo haukumtosha kuimaliza kazi ile. Wakati huo hakumjua bado Mungu wa Wakristo. Alipokuwa mtu mzima na kuandika habari zake, alisema kwamba ni Mungu aliyeuzuia mkono wake, ingawa yeye mwenyewe hakumjua.

Wakamwuza kwa tumbaku na pombe kali, wakampeleka Lagos kwa mtumbwi. Hakuwa amepata kuona maji mengi vile, akakaa katikati ya mtumbwi bila kutikisika, akiogopa kila wimbi. Mjini Lagos alimwona Mzungu kwa mara ya kwanza, naye alikuwa mnunuzi wa watu. Huko walitiwa pete za chuma shingoni, na mnyororo mmoja mrefu ukapitishwa katika pete zote, watu wazima pamoja na watoto. Usiku mtu mwenye nguvu alipojigeuza, au wawili walipogombana, mnyororo ulivutika, na watoto ndio walioumia, hata karibu kukatwa pumzi.

Tarehe 7 Aprili 1822 watumwa 187 walipandishwa katika merikebu ya Kireno, Ajayi akiwa mmoja wao. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekataza biashara ya watumwa tangu mwaka 1807, na manowari zake zilikuwa zikizunguka katika bahari ya Afrika ya Magharibi kuzikamata merikebu za namna hiyo. Merikebu ile haikufika mbali. Manowari mbili za Kiingereza ziliikamata, na Ajayi akahamishiwa katika moja yao, iitwayo Myrmidon, chini ya nahodha Henry Leeke. Watoto hawakujua kwamba wameokoka. Waliona nyama ya nguruwe imetundikwa, wakadhani ni ya watu. Waliona mizinga na marundo ya risasi zake za mviringo, wakadhani ni vichwa. Hawakutulia hata walipokwenda karibu wakaona kwato za nguruwe. Yule Mreno naye aliletwa manowarini amefungwa. Ajayi alimpiga kichwani, hali amesimama karibu na mwanawe. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba tendo lile lilikuwa baya, lisilo na huruma. Ni vigumu kumlaumu mtoto kwa pigo lile, lakini yeye alijilaumu.

Manowari ikafika Freetown, katika Sierra Leone, tarehe 17 Juni 1822. Mji huo ulikuwa makao ya watu waliookolewa utumwani, kama Frere Town karibu na Mombasa ulivyokuja kuwa tangu mwaka 1875. Ajayi akapelekwa katika kijiji cha Bathurst. Ilipoanza shule, hakuwa na kitu cha kusomea. Akaomba nusu peni kwa mtu wa kabila lake, akanunua kadi yenye herufi, akaishika kama mtu aliyeokota almasi. Baada ya miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya. Tena alifundishwa useremala, na mikono yake haikuusahau ufundi huo maisha yake yote.

Tarehe 11 Desemba 1825 akabatizwa, akapewa jina la Samuel Crowther, kwa kumfuata kasisi mmoja wa London aliyekuwa rafiki wa misheni. Lakini jina la Ajayi hakulitupa. Mwaka 1826 alipelekwa Uingereza kwa muda mfupi akasoma katika shule ya Islington, na mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay kule Freetown. Baadaye alimwoa Asano, aliyebatizwa kwa jina la Susan, ambaye naye alikuwa ameokolewa katika merikebu ya watumwa, na sasa alikuwa mwalimu wa shule. Hivyo nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu wawili walionyang'anywa jamaa zao, wakapewa jamaa nyingine.

Mwaka 1841 Serikali ya Uingereza ilituma merikebu tatu za moshi kupanda mto Niger, ili zifanye mapatano na wafalme wa bara juu ya kuacha biashara ya watumwa, na kufungua njia ya biashara ya pamba na mafuta ya mawese. Crowther alikwenda pamoja na mmisionari Mjerumani, Bwana Schön. Safari ile iliharibika kwa homa. Siku zile hakuna aliyejua kwamba homa ile huletwa na mbu. Wazungu waliokuwamo walikuwa yapata 150, na katika miezi michache kama 40 wakafa. Watu wengi huko Uingereza walikata tamaa, wakasema kwamba mto ule haufai kitu. Lakini Bwana Schön alikuwa amemtazama Crowther akifanya kazi, akawaandikia wakuu wa Chama cha Church Missionary Society, yaani C.M.S., kwamba nchi ile itahubiriwa na Waafrika wenyewe. Basi Crowther akaitwa London, akasoma tena, na tarehe 11 Juni 1843 akawekewa mikono na Askofu wa London. Mwaka huohuo kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiyoruba kilipigwa chapa.

Mwishoni mwa mwaka 1844 alisafiri pamoja na Bwana Townsend na Bwana Gollmer kwenda kuanza misheni katika Abeokuta, mji mkubwa wa Wayoruba uliojengwa na watu waliokimbia vita. Walipofika pwani, katika Badagry, wakapata habari kwamba Sodeke, mkuu wa Abeokuta aliyewakaribisha, amekufa. Njia ilikuwa imefungwa kwa vita. Walingoja mwaka mmoja na nusu katika mji ule wa wauza watu. Crowther hakukaa bure. Alijenga, akafundisha watoto, akahubiri sokoni kwa Kiyoruba, na usiku akafasiri Injili. Hatimaye waliingia Abeokuta tarehe 3 Agosti 1846.

Siku kumi na nane baadaye, tarehe 21 Agosti, mwanamke mzee aliyekonda alifika nyumbani kwake. Alikuwa Afala. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita tangu kutengana kwao. Mama alikuwa amepata taabu nyingi za utumwa, akakombolewa na jamaa zake, naye alikuwa akikaa pamoja na binti zake wawili katika mji mdogo karibu na Abeokuta. Aliposikia kwamba Ajayi yu hai, na kwamba amekuja, hakusadiki. Walipoonana hakuna aliyeweza kusema. Walishikana mikono, wakatazamana, na machozi yakamtiririka mama mashavuni. Alitetemeka, akamwita mwanawe kwa majina ya utotoni, yale aliyokuwa akiitwa na bibi yake, ambaye alikuwa amekwisha kufa katika utumwa. Kisha wakaketi kimya muda mrefu. Mwana hakuwa amemtafuta mama yake, kwa maana hakuwa na tumaini tena la kumpata. Na mama alikuwa amekwisha kuacha kumtafuta mwanawe. Katika kalenda ya Kikristo ya Crowther aya ya siku ile ilimtaja Mungu kuwa msaidizi wa yatima, naye akaiandika katika kitabu chake cha habari za kila siku.

Afala akakaa karibu na mwanawe, akasikia mafundisho. Tarehe 5 Februari 1848 akabatizwa pamoja na watu wa kwanza wa Abeokuta, akaitwa Hannah, kwa kuwa mwanawe alikuwa Samuel.

Kazi iliyomkalia Crowther moyoni kuliko zote ilikuwa kuitia Biblia katika Kiyoruba. Hakutaka maneno ya vitabuni tu. Aliwasikiliza wazee barazani, akaokota methali zao na maneno yao ya zamani, akaandika kila neno alilolisikia na maana zake. Waraka kwa Warumi ulitoka mwaka 1850, na vitabu vingine vikafuata kimoja kimoja. Mwaka 1862 moto uliteketeza nyumba yake huko Lagos, na pamoja na vitu vyake yakaungua maandiko yake, pamoja na maneno na methali alizokusanya kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mtu anayejua kuandika ataelewa jinsi hasara hiyo ilivyo, maana nyumba hujengwa tena kwa mwezi mmoja. Crowther alianza upya. Biblia nzima ilikamilika katika miaka ya 1880, yeye akiwa mkubwa wa wafasiri wake, na Wayoruba wameisoma tangu siku hizo.

Mwaka 1851 alikuwa amekwenda tena Uingereza, akaonana na mawaziri, akawaeleza mabaya ya biashara ya watumwa pale Lagos. Alipelekwa hata mbele ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, na Malkia mwenyewe akaingia akasikiliza. Wakamwomba aseme Sala ya Bwana kwa Kiyoruba, na Malkia akaisifu lugha ile kuwa ni laini kama wimbo. Miaka thelathini tu ilikuwa imepita tangu alipobadiliwa kwa farasi.

Mwaka 1854 merikebu nyingine ilipanda mto Niger pamoja na tabibu Baikie, na Crowther akiwamo. Safari hii watu walipewa kwinini kila siku, na hakuna aliyekufa kwa homa. Basi mwaka 1857 misheni ya Niger ikaanza. Palikuwa na mji wa Onitsha, katika nchi ya Waigbo, ambako Crowther alimwacha kasisi John Christopher Taylor, ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo waliookolewa utumwani. Mwaka uleule merikebu iliyowachukua ikapiga mwamba huko juu ya mto, ikavunjika. Waliokuwamo walipiga kambi ufukoni wakangoja kwa miezi mingi. Crowther alitumia muda huo kujifunza lugha ya Wanupe.

Wakuu wa C.M.S., na zaidi ya wote mwandishi wao Bwana Henry Venn, waliona kwamba imefika saa ya kuwa na askofu Mwafrika. Crowther alikataa mara ya kwanza, akisema kazi hiyo imemzidi. Bwana Venn alimbembeleza mpaka akakubali. Akawekwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury tarehe 29 Juni 1864, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika Kanisa la Kiingereza. Kanisa lilijaa watu. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja, mkubwa wa manowari, Sir Henry Leeke, yule nahodha aliyemtoa katika merikebu ya Wareno. Alikuwapo pia mama mmoja mjane aliyemfundisha herufi alipokuwa mtoto Bathurst.

Lakini heshima ile ilikuwa na kasoro ndani yake. Wamisionari wengine wa Kizungu waliokuwa Abeokuta walikuwa wameandika kwamba hawatakuwa chini ya askofu Mwafrika. Basi miji ya Lagos na Abeokuta, miji ambayo aliijua na ambayo lugha yake alizaliwa nayo, ikatolewa katika utawala wake, akapewa nchi nyingine zote nje ya makoloni ya Kiingereza, na zaidi mto Niger, mahali penye lugha nyingi asizozijua. Tena hakupewa merikebu ya kusafiria. Kwa miaka mingi alisafiri kwa hisani ya wafanya biashara, akienda wakati walipokwenda, na kurudi walipotaka kurudi. 

Taabu za mtoni zilikuwa za namna nyingi. Mwaka 1867 mkuu mmoja jina lake Abokko, aliyekuwa rafiki yake zamani, alimkamata pamoja na mwanawe Dandeson, akanyang'anya vitu vyake, akataka fidia kubwa. Balozi wa Kiingereza wa Lokoja, Bwana Fell, alikwenda kuwatoa. Walipokuwa wakikimbilia mashua, mshale wenye sumu ulimpiga balozi, akafa. Crowther alimlilia, lakini hakuiacha kazi ya mto.

Pale Bonny, karibu na bahari, watu walikuwa wakiwaheshimu kenge kama miungu. Kenge walitembea majumbani na barabarani, wakala kuku za watu, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kuwagusa. Mfalme wa Bonny alimwita Crowther kuleta mafundisho, na katika miaka michache watu wengi wakasadiki, hasa watumwa. Kenge wakaacha kuabudiwa. Kisha wakuu wengine wakaona kwamba mtumwa anayekwenda kanisani haogopi tena kama zamani, wakaanza kuwatesa. Mwaka 1875 mtumwa mmoja aliyeitwa Joshua Hart alikataa kula chakula kilichotolewa kwa miungu. Wakamfunga, wakamtupa mtoni, akafa. Wengine walifungwa minyororo maporini, wakaachwa na njaa. Askofu aliwaandikia Wakristo wa Uingereza kuomba sala zao, na mwenyewe akaenda Bonny kukaa na wale waliobaki. Kanisa halikupungua, likaongezeka.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Watu walioiteketeza Osogun walikuwa wengi wao Waislamu, na katika bara ya Niger Crowther alikutana na wafalme Waislamu mara nyingi. Mtu mwingine angaliweza kuwa na kisasi moyoni. Yeye alikaa nao kwa adabu, akajibu maswali yao kwa upole, akakataza ubishi wa kutukanana. Baadhi yao walimpenda, wakampa mahali pa kujenga.

Uzee wake ulikuja na misiba. Mke wake Susan alikufa mwaka 1880. Mama yake, Hannah Afala, aliishi mpaka mwaka 1883, akafa mzee sana, amewaona wajukuu na vitukuu. Bwana Venn alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1873, na wale waliomfuata katika C.M.S. hawakuwa na shauri kama lake. Siku hizo Wazungu wengi walianza kuona kwamba Mwafrika hawezi kutawala mambo yake, wala mambo ya Kanisa. Kampuni ya biashara ya Kiingereza ilikuwa imeushika mto Niger, na haikupenda kuona Waafrika wenye elimu pale. Ni kweli kwamba baadhi ya walimu wa misheni ya Niger walikuwa wamekosa, wengine kwa ulevi, wengine kwa kufanya biashara. Nchi ilikuwa kubwa, askofu hakuweza kufika kila mahali, tena alikuwa mpole kupita kiasi kwa waliokosa. Lakini makosa ya wachache yalihesabiwa kuwa ya wote.

Basi wakaletwa wamisionari vijana kutoka Uingereza, watu wenye bidii na sala, lakini wepesi wa kuhukumu. Mwezi wa Agosti mwaka 1890 halmashauri ya misheni ilikutana Onitsha. Askofu Crowther, mzee wa miaka zaidi ya themanini, alikaa katika kiti chake akasikia makasisi wake wakishtakiwa na kusimamishwa kazi mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwamo mwanawe Dandeson, aliyekuwa Mkuu wa makasisi wa Delta. Mwandishi wa halmashauri, kijana aliyeweza kuwa mjukuu wake, ndiye aliyetoa hukumu. Askofu aliuliza kama mwandishi peke yake ana amri ya kumwondoa kasisi bila shauri la askofu. Alipojibiwa vibaya, akajitoa katika halmashauri ile.

Huenda jaribu hili lilikuwa zito kuliko mnyororo wa Lagos. Mnyororo alifungwa na watu wasiomjua yeye wala Mungu wake. Maneno ya Onitsha yalitoka kwa ndugu waliosali pamoja naye. Wakristo wa Lagos na wa Delta walikasirika sana. Wengine walitaka aachane na Kanisa la Kiingereza kabisa, aanzishe kanisa la Waafrika, nao walikuwa tayari kumfuata. Crowther alikataa. Hakusema kwamba hakudhulumiwa, maana alijua wazi kwamba amedhulumiwa, na aliandika hivyo kwa wakuu wa C.M.S. bila kuficha. Lakini hakutaka kondoo wa Kristo wagawanyike kwa ajili ya jina lake. Alifanya shauri jingine: makanisa ya Delta yajitegemee kwa fedha zao wenyewe na makasisi wao wenyewe, pasipo kutoka katika Kanisa. Mwanawe Dandeson ndiye aliyelitimiza shauri hilo baada yake.

Mwaka 1891 alipatwa na ugonjwa wa kupooza. Alipopata nafuu kidogo akarudia barua zake na mipango ya makanisa ya Delta. Akafa Lagos tarehe 31 Desemba 1891, siku ya mwisho wa mwaka, akazikwa huko.

Mahali pake akawekwa Mzungu, na Kanisa la Kiingereza lilikaa zaidi ya miaka hamsini pasipo kumpa Mwafrika mwingine jimbo lake mwenyewe katika nchi ile. Binti yake Abigail aliolewa na Thomas Babington Macaulay, aliyeanzisha shule ya kwanza ya sekondari ya Lagos mwaka 1859, na mwana wao Herbert Macaulay akawa kiongozi wa watu wa Nigeria waliodai haki yao ya kujitawala. Mwezi wa Juni mwaka 2014, katika kanisa lilelile la Canterbury, miaka 150 baada ya siku ile ya mwaka 1864, Askofu Mkuu Justin Welby aliomba radhi hadharani, mbele ya maaskofu na watu waliotoka Nigeria, kwa jinsi Kanisa lilivyomtendea mzee yule.

Mjini Abeokuta watu husoma mpaka leo Biblia aliyowafasiria, na maneno yake mengi ni yale aliyoyaokota barazani kwa wazee, akayaandika tena baada ya moto.